Nabii Amosi na Sikio la Mtamba Wako

Kijiji cha Ujamaa Kwemkole,
Njia ya Kwedizinga,
Kwa mkono wa Mwalimu Dunstan,
S.L.P. ya Kanisa,
Korogwe.

Jumapili, 9 Machi 1975.

Mpendwa mdogo wangu Laurenti,

Marahaba. Najua ukishauona mwandiko wangu kwenye bahasha unaniamkia hukohuko, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze nafasi ya karatasi. Habari za Tabora? Kazi ya reli inakwendaje, na ule mguu ulioangukiwa na taruma umepona sawasawa au bado unachechemea? Wifi yangu Filomena hajambo? Na yule mtoto wenu mdogo, kikohozi kimemwacha? Mpakeni mafuta ya nyonyo kifuani, msingoje dawa za hospitali peke yake.

Sisi huku tu wazima, Mungu anatushika. Bibi Mashavu macho yanazidi kupungua, lakini masikio yake bado yanasikia hata yasiyomhusu. Rosina wangu yuko darasa la tano na ananipita urefu. Mvua hakuna. Tumepanda mara mbili, mara mbili jua limekula. Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano, na Bibi kila siku anauliza kama tunampikia chakula cha kuku.

Kijiji tumekizoea. Nyumba yangu ni ya nne kutoka barabarani, mstari wa pili, na kwa kuwa walipima kwa kamba bila kuuliza mtu, mlango wangu unatazama choo cha Mwaija. Nimepanda mapapai mbele nizibe. Hayo nayo yanangoja mvua.

Sasa Laurenti, kaa kitako. Barua hii nimeianza mara tatu na mara mbili nimeichana, maana hasira ilikuwa inashika kalamu kuliko mimi. Nikikukasirisha mahali, vumilia. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Kwaresima hii Mwalimu Dunstan, katekista wetu, ameanzisha darasa la Biblia. Kila Jumatano na Ijumaa saa tisa alasiri, tukitoka shamba la kijiji, tunakwenda kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Kuna kijitabu cha maswali kilicholetwa kutoka juu. Tunapewa majaribio, mwisho mtihani, na atakayeshinda atapata cheti cha kufundisha shule ya Jumapili. Unajua nilivyokitamani hicho cheti. Tangu baba aliponitoa darasa la nne ili wewe uendelee, sijawahi kushika karatasi yenye jina langu na muhuri, ila kadi ya kliniki.

Basi tumepewa nabii Amosi. Wanasema ni nabii mdogo. Mdogo wapi! Huyu mtu amenitoa jasho kuliko jembe. Anaanza kwa kugombeza majirani wa nchi yake, mji baada ya mji, majina ambayo ulimi wangu unayakataa. Kila mji anasema una makosa matatu, halafu anasema hapana, manne, na ukihesabu alilotaja ni moja. Nikamwuliza Mwalimu Dunstan, hayo mengine yako wapi? Akasema ndivyo manabii wanavyosema. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mtu anasimama mbele ya watu wazima na kijitabu mkononi, ukimwuliza swali ambalo kijitabu hakina, anatazama dirishani.

Jumatano iliyopita tumefika sura ya nne, na huko nabii anatuita wanawake ng'ombe. Kweli kabisa, imeandikwa. Akina mama wote wakanuna. Aliyefurahi ni mmoja tu, Nanyori. Akauliza, "Ng'ombe hao wamenona?" Mwalimu akatazama, akasema ndiyo, ni ng'ombe wa malisho mazuri. Nanyori akasema, "Basi huyo hakutukana mtu." Tukacheka mpaka darasa likaharibika.

Nanyori ni mke wa Koikai. Ndiyo, Koikai huyohuyo Mmasai uliyemwachia mtamba wako amchunge, na sasa unamshitaki. Hajui kusoma, lakini anakuja kila siku kwa sababu anataka ubatizo Pasaka hii, na tangu siku ya kwanza amekaa dawati moja na mimi. Fikiri mwenyewe. Mume wake ameitwa mwizi mbele ya kijiji kwa barua yako, na kwa maneno yangu, na yeye anakaa nami dawati moja, ananishikia kitabu nikipiga chafya. Mimi nilidhani hajui aibu. Kumbe asiyejua alikuwa mimi.

Nataka nikurudishe nyuma kidogo, maana wewe ulipata habari hizi vipandevipande, na vipande vingine mimi ndiye niliyevipotosha.

Ilikuwa Septemba, mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa bado kule mji wa zamani, kwa baba. Mwaija alikuwa amekaa uani kwangu ananisaidia kupukuchua mahindi, naye amefunga, midomo imekauka. Koikai akatokea na mkuki begani. Mkono mmoja ameshika miguu miwili ya ng'ombe, kutoka goti kwenda chini, damu imegandia mchanga. Mkono mwingine kitu kidogo ambacho sikukitazama. Nzi wamemfuata. Mwaija akaruka, akapiga kelele, "Astaghafirullahi, kibudu! Mwezi mtukufu huu anatuletea kibudu!" Na mimi, badala ya kuuliza, nikashikwa na aibu mbele ya jirani. Nikamwambia, "Koikai, hapa hatuli kibudu. Ondoa uchafu wako."

Akasema, "Si ya kula, mama. Simba."

Maneno yake yote yalikuwa hayo. Sikutaka kusikia. Nikamgeuzia mgongo, nikaingia ndani kumchukulia Mwaija maji ya kunawa, nilipotoka hayupo. Jioni nikaona mbwa wanagombea ile miguu nyuma ya choo, nikasema, tazama mtu huyu alivyotutupia mizoga kwa jeuri.

Oktoba nikakuandikia. Unayo barua ile, itafute. Niliandika kwamba Koikai anasema mtamba wako ameliwa na simba, lakini ushahidi hakuna, ila kaleta kibudu mlangoni kututukana. Nilitia chumvi, Laurenti. Neno la kututukana niliongeza mimi, kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Wewe nawe ukasikia kwa mtu wa treni kwamba mtamba mwenye kipaji, lile baka jeupe la usoni, ameonekana mnadani Korogwe, ukashika kalamu ukamwandikia mwenyekiti wetu Mzee Athuman kwamba Koikai amemwuza. Hata hukuniuliza kwanza! Korogwe nzima ina mitamba mingapi yenye kipaji? Lakini nikugombeze kwa lipi, na moto niliuwasha mimi.

Januari Mzee Athuman akaisoma barua yako barazani. Koikai alipoulizwa akasema, "Nilipeleka sikio." Watu wakacheka. Nikaulizwa mimi, nikasema sikio sikuliona, nililoona ni kibudu, nikamfukuza. Na ni kweli sikuliona. Koikai akanitazama mara moja tu, akakaa chini, hakufungua mdomo tena. Tukasema, mnaona, amekosa la kusema. Baraza likaahirishwa mpaka tarehe 24 mwezi huu, ili wewe upewe nafasi ya kuleta shahidi. Koikai asipopata la kujitetea atapelekwa polisi Korogwe kwa wizi wa mifugo, na mji wake wote uondoke kijijini, watoto, mbuzi na yule mama yake mzee asiyeweza kutembea.

Sasa rudi nami darasani. Ijumaa ya tarehe 28 mwezi uliopita tulikuwa sura ya tatu. Mwalimu Dunstan akasoma pale Amosi anaposema watu wa Samaria watapona namna mchungaji anavyopata kitu kinywani mwa simba: miguu miwili, au kipande cha sikio. Akafunga kitabu, akasema, "Mnaona rehema za Mungu. Hata kikibaki kidogo, anaokoa." Tukasema amina. Mimi nilisema kwa sauti, maana nilikuwa nawaza cheti.

Nanyori akainua mkono. "Mwalimu, ng'ombe mwenyewe yuko wapi hapo?"

"Ameliwa."

"Sasa kilichookolewa ni nini?"

Mwalimu akatazama dirishani.

Nanyori akasema, "Hapo hakuna kilichopona. Simba akila, mchungaji anamfukuza, anachukua kilichobaki, miguu, sikio, anampelekea mwenye ng'ombe aone. Mwenyewe akiona anajua mtu wake hakuiba. Asipopeleka, ni mwizi." Halafu akanigeukia, taratibu, hana hasira. "Akipeleka asipokelewe, pia ni mwizi."

Laurenti! Benchi lote linanitazama. Miguu miwili na kipande cha sikio! Vilevile alivyokuja navyo, kama nabii alikuwa amesimama uani kwangu siku ile. Mtu alimkabili simba kwa mkuki kwa ajili ya kusafisha jina lake, akatembea jua kali kuniletea mimi, dada wa mwenye mali, kwa kuwa mwenyewe yuko Tabora. Nami nikamwambia aondoe uchafu.

Baba angekuwa hai angenicharaza bakora na utu uzima wangu huu. Baba na baba yake Koikai walikuwa mbuya, marafiki wa kuwekeana mifugo, miaka yote tukiwa watoto. Hawakuandikiana hata siku moja. Nakumbuka jambo hili la sikio lilipata kutokea, baba akapokea, akaketi na mgeni, akampa maziwa. Nilikuwa mdogo nikadhani wanacheza.

Tulipotoka nikamfuata Nanyori njiani. Nikamwuliza, sikio alilipeleka wapi? Akanishangaa. "Alikuachia wewe. Aliliweka kwenye paa la jiko lako, juu ya mlango. Sikio la mwenyewe ni la mwenyewe, mchungaji harudi nalo nyumbani."

Nikamwuliza kwa nini basi mume wake hakusema barazani kwamba liko paani. Akasema, "Alisema amepeleka. Mtu akisema amepeleka, aulizwe mara ngapi?"

Jumamosi alfajiri tukaenda mji wa zamani, mimi na yeye. Ni saa tatu kwa miguu, na njia imeshaanza kufunga kwa miiba. Unajua vijana wa operesheni ya vijiji waliezua nyumba kubwa ili tusirudi. Usiulize hali yake. Muarobaini wa mama umebaki, kaburi la baba limeota magugu, tukalipalilia kidogo. Jiko waliliacha. Limeinama upande mmoja lakini paa lipo. Nikapanda juu ya kinu kilichopasuka, nikaingiza mkono katika nyasi juu ya mlango. Mara ya kwanza nikapata kiota cha panya. Mara ya pili nikapata kitu kigumu kimefungwa kwa ukanda wa ngozi.

Ni lenyewe. Limekauka, jeusi kwa masizi. Kwa miezi miwili, kabla hatujahamishwa, nilipika chini yake asubuhi na jioni, moshi wa jiko langu ndio uliolikausha lisioze, nami nalikuwa napita chini yake nikimtukana Koikai. Nikakaa juu ya kinu nikalia sana. Nanyori akaningoja. Hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Alama zipo, Laurenti. Juu mkato wa panda, ule wa baba wa siku zote. Chini tundu ulilotoboa wewe kwa msumari wa moto siku mbili kabla hujapanda treni, ukasema hii iwe yangu peke yangu. Nilikishika kichwa cha yule ndama mimi, na aliniponda kidole cha mguu, kovu ninalo. Upande wa ncha umetafunwa.

Nikadhani basi, mambo yamekwisha. Thubutu! Jumatatu nikalipeleka kwa Mzee Athuman. Akalipindua, akalinusa, akalirudisha mezani. Akasema, "Mama Rosina, mwezi wa kwanza ulisema hukuona sikio. Leo unaleta sikio. Baraza likuamini lipi?" Nikamwambia habari yote, na kibudu, na Mwaija, na nabii Amosi. Nilipomtaja nabii akainua mkono. "Manabii nawaheshimu, lakini hawako katika orodha ya mashahidi. Na mshitaki si wewe. Barua ya mshitaki hii hapa na saini yake. Mwenye alama aseme alama ni yake."

Nikapandisha sauti. Yeye hakupandisha. Unamjua, ni mtu wa haki lakini ni mgumu kuliko mpingo, na ukweli ni kwamba angenikubalia upesi hivyo, kesho angemkubalia mwongo mwingine. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa wewe hupo, na lako ndilo linalotutesa.

Nikaona heri nimrudishie Koikai sikio lake alishike hadi siku ya baraza, nami niombe radhi. Nilimkuta kwenye lambo ananywesha. Nilipiga magoti, usishangae. Akaniinua, akaniamkia vizuri, lakini sikio hakuligusa. Akauliza swali moja tu. "Mwenyewe ameliona?" Nikasema yuko mbali, Tabora. Akasema, "Basi bado sijapeleka." Akarudi kwa ng'ombe zake. Nimerudi na sikio nyumbani, liko ndani ya kasha la mama pamoja na kitenge changu cha Krismasi.

Sasa sikia na hili la mwisho la kuniudhi. Jumatano baada ya wale ng'ombe walionona tulipewa jaribio. Swali la nne liliuliza mchungaji anaokoa nini kinywani mwa simba. Mwenzio nikaandika kwa herufi nzuri kabisa: haokoi ng'ombe, ng'ombe ameliwa, anaokoa jina lake kwa mwenye ng'ombe, na nabii anasema watu wa Samaria hawatabaki kitu ila cha kuonyesha kwamba walikuwepo. Ijumaa karatasi ikarudi. Alama nyekundu ya kukosa, na chini ameandika: Soma tena. Jibu sahihi ni masalio ya rehema.

Nikamfuata Mwalimu Dunstan mpaka kwenye baiskeli yake. Nikamwambia, wewe umewahi kuchunga? Akasema hapana. Mimi je? Sijachunga. Amosi? Alichunga, imeandikwa. Nanyori? Kachunga tangu anaota meno. Sasa kati yetu nani anajua mchungaji anabeba sikio kwa nini? Akasema, "Mama Rosina, mimi nakuelewa, lakini majibu yamekuja yameandikwa." Nikamwuliza yametoka wapi, mbinguni? Akapanda baiskeli. Si mtu mbaya. Anaogopa kile kijitabu kuliko anavyomwogopa Mungu, na namwonea huruma, lakini siku ile nilitamani kumtoa upepo magurudumu yote mawili.

Mtihani mkuu ni Jumatano ya Wiki Kuu na swali lile litarudi, ameshaniambia kwa wema nijiweke sawa. Nitaandika vilevile. Cheti kitapita, kiende. Rosina amelia kwa ajili yangu, maana alishapanga mahali pa kukitundika.

Lakini Koikai asipite. Hilo ndilo ninalokuombea hapa, Laurenti. Tarehe 24 ni Jumatatu ya Wiki Kuu. Mimi nitasimama mbele ya watu wote niseme nilikosea, kwamba mtu alileta nikamfukuza, na kwamba barua ya Oktoba niliiandika kwa hasira. Wacha wacheke. Mwaija amesema atasimama nami, maana ndiye aliyepiga kelele. Ila Mzee Athuman amekwisha kusema: maneno yangu na ya Mwaija hayatoshi. Linatakiwa neno lako.

Usiandike barua, itachelewa. Nenda posta upige simu ya maandishi kwa Mzee Athuman, kwa anwani hiihii ya Mwalimu Dunstan. Maneno matatu yanatosha: Nimeliona, ni langu. Utakuwa umesema kweli, kwa maana utakuwa umeliona. Nimefanya njia ya wewe kuliona, utaikuta nyuma ya karatasi ya mwisho. Halafu yule mtu wa treni mwambie anyamaze.

Najua unampenda mtamba yule. Ulikuwa unaniuliza habari zake kabla ya zangu. Ulitaka azae, ndama aende kwa mtoto wako, ili naye awe na kitu huku kwetu asije kuwa mtu wa Tabora moja kwa moja. Nalijua hilo, nami limeniuma. Hatarudi. Lakini usimfanye Koikai alipe kwa kuwa simba huwezi kumwandikia barua.

Nanyori anasema bado hajachagua jina la ubatizo. Mume wake akiwa ndani, hatakuja kanisani kwetu, na ningekuwa yeye, hata mimi nisingekuja.

Bibi Mashavu anakusalimu, anasema umletee miwani na usidanganye kama mwaka jana. Rosina anakuamkia shikamoo mjomba. Mwaija naye salamu nyingi. Wewe nisalimie wifi yangu Filomena, mwambie ule mshono wa gauni nimeupokea na unanibana kwapani, lakini nitakonda tu kwa unga huu wa yanga. Wabusu watoto, waambie shangazi yao yupo.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani na kazini, auponye mguu wako, na akupe masika huko kama na sisi tunavyoyaomba. Na akulainishe moyo kabla ya tarehe 24.

Mimi dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Yuditha

Geuza karatasi.

Nimeliweka sikio hapa juu ya karatasi, Rosina akalishika lisisogee, nami nimelizungushia penseli ya shuleni. Ukubwa ni uleule, sikuongeza wala kupunguza. Hapa juu ni panda ya baba. Hapa chini ni tundu lako, pitisha kidole chako kidogo uone. Upande huu mstari haukukutana kwa sababu hakuna sikio tena, ni pale simba alipouma. Masizi haya ni ya jiko langu. Na hili doa la pembeni si la sikio, ni mimi, nisamehe, karatasi nyingine sikuwa nayo.